Chai ya Oolong: Ladha ya Kweli na Utulivu wa Majigambo

Miongoni mwa chai ziuzwazo kwa bei kubwa duniani imo Dongfang Meiren, oolong ya Taiwan ambayo hulimwa hasa sehemu za Beipu na Emei katika wilaya ya Hsinchu. Wenyeji huiita pia kwa jina lenye maana ya chai ya majigambo. Yasimuliwa kwamba mkulima mmoja, ambaye michai yake ilikuwa imeshambuliwa na wadudu, hakuyatupa majani yale. Aliyatengeneza, akayapeleka sokoni, akarudi na fedha kupita kawaida. Majirani hawakumsadiki. Sayansi imekwisha kumpa haki mkulima huyo kwa upande wa ladha. Lakini baadhi ya wafanyabiashara wa siku hizi wameongeza jigambo jingine, kwamba oolong ni dawa ya kutuliza akili na kuleta usingizi, na jigambo hili halistahili kuachwa lipite.

Yafaa kuanza na ladha. Chai nyeusi ya Kericho au Mufindi, chai ya kijani ya Japani na oolong zote hutokana na mmea mmoja, Camellia sinensis. Kinachozitofautisha zaidi ni matengenezo. Jani likichubuliwa, vimeng'enya vilivyomo hukutana na polifenoli mbele ya oksijeni, na jani hugeuka rangi ya kahawia mithili ya ndizi iliyomenywa ikaachwa mezani. (Viwandani jambo hili huitwa uchachushaji, ijapokuwa hapana hamira wala bakteria wanaolifanya.) Katika chai nyeusi mabadiliko hayo huachwa yaendelee mpaka yakamilike, katika chai ya kijani huzuiwa mapema kwa joto, katika oolong husimamishwa njiani. Majani huanikwa yanyauke, hutikiswa mara kwa mara ili kingo zake zichubuke, kisha hukaangwa ili vimeng'enya vipoteze nguvu.

Kwa Dongfang Meiren, hata hivyo, kazi huanza shambani. Wakati wa joto, yapata Juni na Julai, mdudu wa kijani aitwaye Jacobiasca formosana, mwenye urefu wa milimita chache tu, hufyonza utomvu wa machipukizi. Machipukizi hayo hudumaa na kuwa manjano. Mmea nao hauvumilii kimya: hubadili kemia yake na kuongeza viambato vyenye kunukia, mojawapo kikiwa hotrienoli, navyo ndivyo vinavyoipa chai hiyo harufu ya asali na matunda yaliyoiva. Mkulima akinyunyiza dawa ya kuua wadudu, huikosa asali hiyo. Asiponyunyiza, hukubali mavuno haba, na wadudu wakizidi mno hupoteza hata hayo. Hiyo ndiyo sababu halali ya bei kubwa, wala haihitaji kutiwa chumvi.

Ama utulivu, chanzo chake hutajwa kuwa theanini, asidi amino iliyotambuliwa nchini Japani mwaka 1949 katika chai ya gyokuro. Umbo lake hufanana na la glutamati, mojawapo ya wajumbe wa neva za ubongo. Theanini hutengenezwa zaidi mizizini na kupanda hadi majanini, ambako mwanga wa jua husaidia kuigeuza kuwa viambato vingine. Ndiyo maana michai iliyotiwa kivuli huwa nayo kwa wingi. Ni kweli kwamba majaribio kadhaa yameonyesha ongezeko la mawimbi ya alfa ya ubongo, ambayo ni dalili ya mtu aliye macho lakini ametulia. Kinachosahauliwa ni kipimo. Katika mengi ya majaribio hayo watu hupewa miligramu 200 kwa mara moja, ilhali kikombe cha chai kwa kawaida huwa na chini ya miligramu 30. Mwaka 2011 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilichunguza madai kwamba theanini hupunguza msongo wa mawazo na kudumisha usingizi wa kawaida, ikaamua kuwa uhusiano huo haukuthibitishwa.

Haifuati kwamba anayesema hutulizwa na kikombe chake ni mwongo. Kuketi, kuacha kazi, kunusa mvuke na kunywa taratibu kitu cha moto ni mambo yenye nafasi yake katika kumpumzisha mtu. Lakini faida hiyo hupatikana pia kwa maji ya mchaichai yanayochumwa nyuma ya nyumba, tena yasiyo na kafeini.

Na hapo ndipo penye madhara. Oolong ina kafeini, nayo kafeini huzuia adenosini, kemikali inayouarifu ubongo kuwa umechoka. Kwa mtu mzima mwenye afya, nusu ya kafeini huondoka mwilini baada ya muda wa saa 5 hivi. Mtu mwenye shida ya usingizi akishawishika kunywa kikombe saa 2 usiku, ifikapo saa 7 nusu ya kafeini hiyo ingali inazunguka katika damu yake. Huenda akaongeza kikombe cha pili, akidhani cha kwanza hakikutosha. Maelezo hayo ndiyo yanayostahili kuchapishwa juu ya pakiti, kwa herufi kubwa kama zile zinazotangaza utulivu.