WATAFITI WALICHUKUA DAMU, SISI TUNANGOJA JIBU

Najua kurasa hizi zina wenyewe: mashairi yapo, vitendawili vipo, na kila mwaka hakosi mtu wa kutuonya juu ya dawa za kulevya. Mimi nataka kuzungumza juu ya damu.

Nilikuwa darasa la tano. Asubuhi moja wakaja watu watatu kijijini kwetu, mmoja kabeba kijisanduku cha barafu, wenzake wana makaratasi. Walikuwa wanatafuta watoto walio chini ya miaka mitano, na mdogo wangu alikuwa na mitatu. Kabla hawajafika hata kwenye mwembe wetu, jirani alishapiga ukelele kwamba mumiani wameingia. Nyinyi wa mjini mtacheka, lakini huku Pwani neno hilo halichekeshi. Ni habari ya tangu enzi za Mwingereza, eti kuna watu wanaowinda binadamu, wawatoe damu, waifanye dawa. Watoto wakaitwa ndani mbio mbio. Nyanya akafunga mlango kwa komeo.

Mama ndiye aliyeufungua. Mama yangu ni mtu wa kuuliza. Aliuliza damu kiasi gani, akaonyeshwa: matone machache ya kidole. Inakwenda wapi? Maabara. Kutafuta nini? Malaria. Na majibu je? "Tutawaletea, mama." Basi akatia sahihi. Mdogo wangu akatobolewa kidole, akalia, akapewa biskuti, akanyamaza. Wale watu wakaenda zao. Mpaka leo ninapoandika haya hawajarudi, wala barua hatujaiona. Sitataja walikotoka, maana sikuja hapa kumchongea mtu. Lakini Nyanya hajachoka kumkumbusha mama: "Si nilikwambia? Wamepata walichokitaka."

Kwa muda mrefu nami niliona Nyanya ana haki. Kisha muhula uliopita tulifundishwa malaria, nikaanza kusoma na kuuliza huku na huku, nikakuta mambo ambayo sikuyajua.

Ndugu msomaji, chandarua unacholalia usiku umewahi kukiuliza kimetoka wapi? Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Hapa hapa Pwani, huko Kilifi, kati ya mwaka 1993 na 1995, watafiti waligawa vyandarua vilivyotiwa dawa katika baadhi ya sehemu, na sehemu nyingine zikangoja. Halafu wakahesabu. Walikwenda nyumba kwa nyumba, wakaandika nani yu hai na nani amefariki, wakaangalia na waliolazwa hospitalini. Kule kwenye vyandarua, vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa thuluthi moja hivi, na waliolazwa kwa malaria kali wakapungua kwa asilimia 44. Mtu akisikia "mtafiti" anafikiria koti jeupe na darubini. Kumbe kazi kubwa ni kutembea juani, kubisha hodi, kuuliza swali lile lile mara elfu na kuvumilia kuitwa mumiani!

Kuna Mkenya mwenzetu, Profesa Faith Osier, daktari wa watoto aliyegeuka mtafiti na kufanya kazi Kilifi miaka mingi. Swali lake hata mtoto angeweza kuliuliza. Kwa nini mtoto mdogo akipata malaria anaweza kuzimia na kufa, na mtu mzima wa kijiji hicho hicho, anayeumwa na mbu wale wale tangu azaliwe, anapata homa kidogo au hapati kabisa? Jibu limo ndani ya damu. Mwili wa yule mtu mzima umejifunza vita polepole, umeweka askari wanaoitwa kingamwili. Wakijulikana ni askari gani hasa wanaomshinda adui, itawezekana kutengeneza chanjo ya kuwafundisha watoto vita hivyo mapema. Kati ya mwaka 2016 na 2018 Wakenya wazima zaidi ya 100 walijitolea huko Kilifi waambukizwe malaria kwa makusudi, madaktari wakiwaangalia usiku na mchana, ili jambo hili lichunguzwe. Wapo ambao vimelea vilishindwa kabisa kuzaana ndani yao. Nilipoyasoma haya nilicheka peke yangu: kumbe Nyanya aliyejifungia kwa komeo ndiye mwenye damu ya thamani kuliko sote!

Chanjo nayo imekuja. Ile ya kwanza, RTS,S, ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika, na kwetu Kenya ilikuwa Kilifi, Siaya na Kombewa. Mwaka 2019 ikaanza kutolewa upande wa ziwa Victoria, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Haizuii malaria yote, chandarua bado kinatakiwa. Lakini kila mmoja wa watoto wale alikuwa na mama aliyefungua mlango.

Kwa hiyo nasema wazi: kumkimbia mtafiti ni kosa. Na mtafiti kutorudi ni kosa pia, tena kubwa zaidi, kwa sababu yeye ndiye anayejua. Ahadi ni deni. Asiporudi, anawaachia uwanja wale wa mumiani, na atakayekuja baada yake atakuta komeo. Dada mmoja wa kidato cha nne ameniambia watafiti hawawezi kurudi kila nyumba, eti pesa huisha. Sawa, lakini pesa za kuja si zilipatikana? Si lazima waje na gari. Baraza la chifu lipo, redio zipo, shule yetu ipo. Hata wakisema "hatukupata kitu", hilo nalo ni jibu.

Tena waje na Kiswahili kinachoeleweka. Ile fomu ya mama nimeisoma juzi, bado anaitunza pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Imeandikwa kwa Kiswahili, ndiyo, lakini mimi mwenyewe, mwanachama wa chama hiki, nilikwama mara nne! Hapa ndipo ninapowageukia wenzangu. Chama chetu hualika washairi kila mwaka. Mwaka huu tualike mtafiti, na wazazi waje wamuulize. Sisi wa shule ya kutwa hulala nyumbani kila siku. Mwaliko wa asubuhi jioni utakuwa umefika.

Mdogo wangu sasa yuko gredi ya tatu. Jana aliniona nikiandika, akaniuliza ile damu yake iko wapi. Nikamwambia ndiyo ninayoiulizia. Nyanya alikuwa kando anachambua mchicha, hakuinua hata kichwa. Akasema wakija tena waanze na yeye, kidole ataunyosha, lakini kwanza wamwambie walikiona nini kwa mjukuu wake.