Tusiwasomee Wahitimu Hitima: Haja ya Timu Mtambuka katika Vyuo Vikuu Vyetu

Neno "kuhitimu" lina umri mkubwa kuliko vyuo vikuu vyetu vyote. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya awali ni kukamilisha au kutia muhuri. Katika mwambao wa Afrika Mashariki lilimhusu kwanza mwanachuo aliyemaliza kuisoma Kurani mbele ya mwalimu wake. Mzizi uo huo umetupa neno "hitima", yaani kisomo cha kuikamilisha Kurani, ambacho aghalabu husomwa kwa ajili ya kumrehemu aliyefariki. Mwanafunzi wa isimu ataufurahia udugu wa maneno haya. Msimamizi wa chuo kikuu hana budi kuutafakari. Vyuo vyetu vingi humfanyia mwanafunzi mambo hayo mawili kwa siku moja: humvisha joho na kumhitimisha asubuhi, kisha humsomea hitima jioni. Akishavuka lango la chuo siku ya mahafali, hatafutwi wala haulizwi hali, hadi siku chuo kitakapotaka mchango wa kujenga bweni.

Makala hii inashikilia kwamba kiini cha tatizo si uchoyo wa wahitimu wala uvivu wa maafisa. Kiini ni mpangilio wa kazi. Uhusiano na wahitimu umekabidhiwa ofisi moja, tena ndogo, ilhali mambo yanayoujenga au kuubomoa uhusiano huo yametawanyika katika ofisi nyingi zisizozungumza. Dawa ninayoipendekeza ni timu mtambuka.

Istilahi hii yahitaji ufafanuzi. Tumezoea kusema "masuala mtambuka", yaani masuala yanayokatiza nyanja nyingi. Kwa msingi huo, timu mtambuka ni kundi dogo la watu waliotolewa katika idara mbalimbali, kila mmoja na ujuzi wake, wakapewa jukumu moja la pamoja na muda maalumu wa kulitimiza. Mfano unaotajwa sana ni wa kampuni ya Ford ya Marekani. Ilipokuwa ikiunda gari la Taurus, lililoingia sokoni mwishoni mwa mwaka wa 1985, iliwaweka pamoja tangu mwanzo wasanifu, wahandisi, watu wa kiwandani na wauzaji. Awali ilikuwa desturi idara moja kumaliza kazi yake na kuirushia idara inayofuata, kama watu wanaotupiana mzigo juu ya ukuta. Msanifu angeweza kuchora mlango usiotengenezeka, na kosa hilo lisijulikane mpaka mchoro ufike kiwandani. Walipoketi meza moja, kosa lilionekana likiwa bado kwenye karatasi.

Huenda msomaji akauliza, magari na wahitimu yahusianaje? Yahusiana kwa kuwa vyuo vyetu vingali vinatupiana mizigo juu ya ukuta. Hebu tumtazame mhitimu yeyote. Idara ya mitihani ina alama zake. Idara ya fedha ina rekodi ya karo yake. Maktaba inajua vitabu alivyoazima, na Mkuu wa Wanafunzi anajua vyama alivyoviongoza. Mhadhiri aliyesimamia tasnifu yake ana nambari yake ya simu na anajua ameajiriwa wapi. Wataalamu wa tarakilishi ndio wenye ufunguo wa mitambo yote. Lakini ofisi ya wahitimu, ambayo ndiyo iliyoagizwa kumtafuta, mara nyingi haina ila anwani ya posta aliyoiandika siku aliposajiliwa katika mwaka wa kwanza. Kinyume chake, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1995, humfuata mhitimu hadi kazini kwake, kwa kuwa sheria inamtaka mwajiri kukata deni hilo katika mshahara na kuliwasilisha. Ni ajabu kwamba anayemdai mhitimu anamjua aliko kuliko aliyemlea.

Pana na wahitimu wasioweza kutiwa katika faili moja. Marehemu Ken Walibora, aliyetutoka Aprili 2020, alikuwa mwandishi wa riwaya ya Siku Njema (1996), mtangazaji wa redio na runinga, na mhadhiri hapa nchini na Marekani. Mtu wa aina hiyo angekuwa wa ofisi gani? Idara ya Kiswahili ingemtaka kwa mhadhara wa fasihi, ile ya uanahabari kwa mafunzo ya utangazaji, maktaba kwa miswada yake, na ofisi ya mahusiano kwa jina lake. Bila ya kuketi pamoja, kila moja ingemwandikia barua yake, naye angejiuliza kama chuo hicho ni kimoja au ni vinne.

Suala hili si la anasa. Mwaka wa 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuwasajili wanafunzi wa kujilipia karo kamili, na vyuo vingine vikafuata. Kwa miaka mingi karo hiyo ikawa nguzo ya bajeti. Baada ya mwaka wa 2016, wakati idadi ya watahiniwa waliopata alama ya C+ na zaidi katika mtihani wa kidato cha nne ilipopungua sana, na serikali ikawa inawapeleka vyuoni karibu wote kwa ufadhili wake, chemchemi hiyo ilianza kukauka. Mfumo mpya wa ufadhili ulioletwa mwaka wa 2023 nao ulizua malalamiko na kesi mahakamani. Si ajabu basi kwamba vyuo vimeanza kuwakumbuka wahitimu.

Hapo ndipo penye hatari ninayotaka kuionya. Chuo kinachomkumbuka mhitimu kwa sababu ya ukata humwona kama mfuko, na mfuko hauna moyo. Chuo cha Williams huko Marekani kilipata jumuiya ya wahitimu mwaka wa 1821, wakati rais wake alipohamia Amherst pamoja na baadhi ya wanafunzi na chuo kikawa hatarini kufungwa. Wahitimu walijitokeza kwanza kukinusuru chuo chao, kwa kuwa walikihesabu kuwa chao. Hazina ya kila mwaka ya wahitimu, kama ile iliyoanzishwa Yale mwaka wa 1890, ilikuja miongo kadhaa baadaye. Uaminifu ulitangulia hundi. Sisi twataka hundi itangulie.

Na uaminifu huvunjwa wapi? Huvunjwa mapema sana. Kila mwanafunzi wa chuo cha umma nchini anaujua ugonjwa wa alama zilizopotea. Mtu amefanya mtihani, ameketi na wenzake, kisha jina lake linatokea bila ya alama, na anapelekwa kutoka kwa mhadhiri hadi kwa mwenyekiti wa idara, kutoka hapo hadi afisi ya mitihani, mpaka mahafali yanampita. Wenzake wanavaa joho, yeye angali anabisha milango. Miaka kumi baadaye anapokea barua nzuri yenye nembo ya chuo, ikimwomba achangie. Je, atajibu nini? Afisa wa wahitimu aliyeiandika barua hiyo hakuzipoteza alama, na hana uwezo wa kuzitafuta. Hili ni jeraha lililotiwa na idara tatu, na haliwezi kutibiwa na idara ya nne iliyo peke yake. Ndiyo maana nasema kwamba timu ya wahitimu isiyo na mtu wa mitihani ni timu pungufu, hata ingekuwa na wataalamu kumi wa kuandika barua.

Timu ninayoiwazia haihitaji jengo wala cheo kipya. Tuanze na wahitimu wa Kiswahili wa chuo kimoja. Tuwachukue watu saba: mhadhiri mmoja wa idara, afisa wa mitihani, mtaalamu wa tarakilishi, mkutubi, afisa wa wahitimu, mwakilishi wa chama cha wanafunzi wa Kiswahili na mhitimu mmoja aliye kazini. Wapewe muhula mmoja na swali moja tu: wahitimu wetu wa miaka mitano iliyopita wako wapi, na wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaweza kujifunza nini kwao? Wako walimu wa shule za upili, wahariri, watafsiri, wakalimani na watangazaji. Wako pia wasio na kazi, na hawa wana haki ya kutafutwa kama wenzao. Siku ya Kiswahili Duniani, inayoadhimishwa tarehe 7 Julai tangu mwaka wa 2022, ingefaa kuwa siku ya kuwaita nyumbani, waje kuzungumza na wadogo zao pasipo bahasha ya mchango kupitishwa. Muhula ukiisha, timu itoe ripoti, na kilichofaa kipelekwe idara nyingine.

Najua pingamizi zitakazotolewa. La kwanza ni kwamba vyuo vyetu vimejaa kamati. Ni kweli, ila kamati na timu mtambuka ni vitu viwili. Mwanakamati huja kuilinda idara yake na huondoka na kumbukumbu za mkutano. Mwanatimu huja na ujuzi wa idara yake na huondoka na kazi ya kufanya kabla ya wiki kwisha. Kamati ya kudumu haifi. Timu hufa jukumu likiisha, na huo ndio uzuri wake.

Pingamizi la pili ni la wahenga wenyewe: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nami nakubaliana nao. Lakini wahenga hao hao waliyajua mambo ya jahazi. Chomboni mna nahodha, mna serahangi, mna rubani anayezijua kasa na miamba, mna mshika sukani na mabaharia. Ujuzi ni wa wengi, amri ni ya mmoja. Timu iwe na kiongozi mmoja anayejulikana, tena aliyepewa idhini na Naibu wa Chansela ili asizungushwe na kila karani.

La tatu ni la sheria. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 haituruhusu kuzitumia taarifa za watu kiholela. Nambari ya simu iliyotolewa kwa ajili ya mtihani isigeuzwe kuwa ya harambee bila ya mwenyewe kuridhia. Hili halivunji hoja yangu bali laitia nguvu: mwanasheria wa chuo awe karibu na timu tangu siku ya kwanza, asije akaitwa maji yakiwa yamekwisha kumwagika.

Wanachama wenzangu, tusiusubiri utawala utuanzie. Chama chetu kina kitu ambacho ofisi kubwa hazina, nacho ni kumbukumbu za waliokiongoza, walioandika katika majarida na walioigiza jukwaani. Twaweza kuanza kwa kuiandika orodha hiyo muhula huu, kwa idhini ya wenyewe, na kuipeleka kwa mwenyekiti wa idara pamoja na ombi la kuundiwa timu. Nanyi wahadhiri wetu, simu mnazopigiwa na wanafunzi wenu wa zamani ni hazina ya chuo. Msiziache zikaishia mifukoni mwenu. Wanaohitimu mwaka huu wangali darasani nasi. Uhusiano nao ujengwe sasa, alama zao zikitafutwa na majina yao yakitamkwa sawasawa, kabla hawajalivuka lango.