Kuuza Kilicho Dukani kwa Jirani

Ndugu msomaji, ukienda Mtaa wa Biashara hapa Mombasa kutafuta leso, na leso uitakayo isiwe dukani, mwenye duka hakwambii kuwa hana. Hukukaribisha kiti, akakuagizia kahawa, akamkonyeza kijana wake, na kijana akatoka upesi kama aliyekumbuka jambo. Kahawa haijapoa, leso imefika, imetoka duka la tatu. Utaikunjua, utalisoma jina lake, utaitazama rangi yake mwangani. Ikikupendeza utatoa pesa, isipokupendeza utainuka uende zako, na kahawa umekwisha kuinywa. Mtindo huu niliukuta ningali mtoto, na sijamsikia mtu akiulalamikia.

Nimeanza na leso, lakini langu leo ni la gari.

Dada yangu ni mjane, na riziki yake ni kupika pilau na biriani za harusi. Kwa miaka mingi masufuria yake yamesafiri kwa mikokoteni na kwa magari ya kukodi. Tulipouza shamba la minazi alilotuachia marehemu baba yetu, na mirathi ikagawanywa kama ilivyoamrishwa, fungu lake alilikalia kimya miezi miwili, kisha akaniita. "Kaka, nataka pikapu, tena mpya. Ya mtumba siitaki, nimechoka na vitu vilivyokwisha tumiwa na wenzangu." Akanitaka nifuatane naye, kwani mimi ndiye msomi wa nyumba, yaani ndiye niliyekaa chuoni muda mrefu kuliko wenzangu, kisha nikaishia kuandika magazetini. Usomi huo utaona ulivyomfaa.

Duka tulilokwenda sitalitaja. Kijana aliyetupokea alikuwa na adabu zake, amemkalisha dada mahali penye upepo na kumwita mama kila baada ya neno. Pikapu iliyokuwako nyuma ya kioo ilikuwa nyekundu, na dada alitaka nyeupe, ya dizeli, yenye bodi ndefu ya kuchukua masufuria. "Nyeupe hamna?" "Nyeupe iko, mama. Siku tano tu utaipata." Akafungua kijitabu cha picha, akaandika bei, akataka shilingi 400,000 za kuizuia gari isichukuliwe na mwingine. Dada akanitazama. Nami, msomi wa nyumba, nikamwambia, "Toa."

Sasa nataka tusimame kidogo kwenye neno lile la yule kijana. Lugha yetu ina ipo, ina iko, ina imo, na wazee wetu hawakuziweka tatu kwa kupenda wingi. Kilichopo, mahali pake pajulikana. Kilichomo, kimo ndani ya kitu, ghalani au sandukuni. Kilichoko, kiko tu, huko. Siku hizi mijini watu wanasema "iko" kwa yote matatu, wala simlaumu kijana kwa lugha ya zama zake. Lakini mimi mtunga mashairi wa miaka thelathini, ninayegombana na vijana kwa sababu ya mizani moja iliyopungua, niliambiwa pesa ya mjane inanunua kitu ambacho "kiko", na sikuuliza kiko wapi.

Kilikuwa Nairobi, tena si katika ghala lao. Kilikuwa katika duka la mfanyabiashara mwingine kabisa, ambaye hakuwa amekubali kukitoa. Hayo tuliyajua siku ya kumi na mbili, baada ya siku tano kuwa wiki na wiki kuwa simu zisizopokewa. Tulipokwenda wenyewe, tukaambiwa mwenye gari ameongeza bei, kwa hivyo nasi tuongeze shilingi 130,000. Na kama hatutaki? Basi hatulazimishwi, lakini zile 400,000 hazirudi, kwani imeandikwa nyuma ya risiti. Kweli ilikuwa imeandikwa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa.

Ilikuwa Mfungo Mosi, na harusi zimepangana. Dada alikodi gari Ijumaa tatu mfululizo, hali pesa zake za gari ziko mikononi mwa watu. Mwishowe aliongeza, afanyeje? Pikapu ikaja, imeendeshwa njia nzima kutoka Nairobi, ina vumbi la Voi kwenye magurudumu na mita yake inasoma kilomita 527. Safari yenyewe ni kama kilomita 480. Dada aliizunguka mara moja, akapitisha kidole ubavuni, akasema, "Kumbe na hii imekwisha tumiwa." Hakunitazama aliposema hivyo, na ingekuwa afadhali angenitazama.

Usiku ule nilikumbuka ukumbi wa chuo chetu, tumekaa jamvini, maalim ametufikisha mlango wa biashara katika matni ya Abu Shujaa. Mauzo, alitufundisha, ni ya namna tatu. Kuna kuuza kitu mnachokiona kwa macho, nayo inajuzu. Kuna kuuza kitu kilichotajwa sifa zake kikawa deni juu ya muuzaji, nayo inajuzu kikitokea kama kilivyosifiwa. Na kuna kuuza kitu kisichokuwapo, kisichoonekana wala kusifiwa, nayo haijuzu. Tuliyahifadhi hayo kwa kuimba, tukapita kwenda mlango mwingine. Hakuna aliyetuambia kuwa iko siku mlango huo utakuwa wa kioo, na ndani mna kijana amevaa tai.

Tena liko karibu zaidi ya hilo. Swahaba Hakim bin Hizam, radhi za Allah ziwe juu yake, alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya mtu anayemjia akitaka kununua kitu ambacho yeye Hakim hana, naye akamuuzia, kisha akaenda kumnunulia sokoni. Akakatazwa asiuze asichokuwa nacho. Msomaji, soma tena swali la Hakim, kisha utazame duka la magari, uniambie ni kipi kilichobadilika ila bei.

Watakuja wanaosema, hakuna duka liwezalo kuweka kila gari la kila rangi, na kuchukuliana baina ya wauzaji ni desturi ya dunia nzima. Nakubali. Mwenye leso naye huchukua kwa jirani. Lakini mwenye leso hashiki pesa yako kabla leso haijafika mbele yako, na ikipata doa njiani doa ni lao, si lako. Hapo ndipo penye tofauti. Yule wa gari alishika pesa, akaahidi siku, kisha hasara ya kila kilichoharibika katikati, bei, muda, vumbi, akamtwika mnunuzi.

Na njia ya halali ilikuwa wazi tangu mwanzo. Angesema, "Mama, gari hiyo mimi sina. Ninaye mwenzangu Nairobi anayo. Nipe siku mbili nimuulize bei, na ujira wangu wa kukutafutia ni kadha." Huo ni uwakala, na udalali wa wazi haujawahi kuharamishwa. Au akanunua yeye kwanza, ikawa mali yake na hatari yake, ndipo akauza kwa faida. Tangu mwaka 2008 tunazo hapa Kenya benki zinazoendeshwa kwa sharia, na msingi wa murabaha wanayoifanya ni huo: wanunue, wamiliki, ndipo wauze. Kama hakutaka moja wala la pili, iko biashara ya salam, lakini sharti lake bei yote ilipwe pale pale kabla hamjaachana, na sifa, wakati na mahali pa kukabidhiwa vijulikane. Kushika fungu la pesa na kuahidi kitu cha mtu si lolote katika hayo.

Ama ile arbuni, maimamu watatu, na Imamu Shafi, ambaye sisi wa pwani ndiye tunayemfuata, akiwa mmojawapo, hawakuijuzisha. Imamu Ahmad bin Hanbal aliijuzisha, na mwaka 1993 wanavyuoni wa jumuiya ya fiqhi ya nchi za Kiislamu walikutana Brunei wakaikubali, ila kwa muda uliowekewa mpaka. Kwa hivyo simtoi mtu katika haki kwa kuchukua arbuni. Lakini hata anayeijuzisha ameijuzisha kwa mwenye mali kumzuilia mnunuzi mali yake. Yule kijana alizuia nini? Gari ya mwenziwe haikuwa yake kuizuia. Si ajabu katika lugha yetu arbuni na kurubuni zikakaa karibu hivyo.

Tena kuna jambo linalonichoma kama mwana wa Mvita. Magari ya kutoka ng'ambo yanashuka Kilindini, mbele ya macho yetu. Kiwanda cha kuunganisha magari tunacho hapa Mombasa tangu miaka ya sabini. Kisha sisi tunaambiwa tungojee gari ipande bara, ilale huko kwa mwenyewe, halafu irudi pwani na sisi tulipe nauli ya kurudi kwake.

Lakini nitakuwa mnafiki nikimaliza kwa kuwalaumu wauzaji peke yao. Benki ikitaja riba tunaruka, na haki yetu kuruka. Mbele ya risiti yenye maandishi nyuma tunatia saini kwa kalamu ya kupewa. Ningeigeuza ile risiti. Ningeuliza namba ya chesi, maana aliye na gari ana namba yake, na asiye na namba hana gari. Ningetaka iandikwe kuwa gari isipofika siku ya tano pesa zinarudi zote, na kuwa itakuja juu ya lori. Ni maneno ya dakika kumi, na mimi nilikuwapo.

Zile 130,000 nimeanza kumlipa dada kidogo kidogo, ingawa hataki kuzipokea. Juzi alinipigia simu, anataka friza ya kuwekea nyama, ameiona picha yake kwa muuzaji fulani. "Nimeambiwa iko," akasema. Kisha akanyamaza kidogo. "Kaka, hebu nenda ukaniulizie: ipo, imo, au iko tu?"