Programu Nyepesi Isiwe na Kufuli Hafifu

Kuna swali ambalo wateja huuliza sana: mbona programu kwa simu ya jirani ina picha nyingi na inakula bando, na kwangu ni nyepesi, na jina ni lile lile? Kwani tumepewa vitu tofauti?

Ndiyo, na si njama. Fikiria kinu cha posho mtaani. Mahindi ni yale yale, mashine ni ile ile. Mwenye kinu akiweka chujio laini unapata unga wa ugali, akiweka la matundu makubwa unapata chakula cha kuku. Programu nazo ni hivyo. Wahandisi huandika msimbo mmoja, kisha wakati wa kuuunda uwe programu ya simu huwasha au kuzima swichi: picha kubwa ziwemo au zisiwemo, zana za majaribio ziwemo au zisiwemo. Kila mpangilio wa swichi unatoa toleo lake.

Matoleo mepesi yamesaidia watu wengi. Facebook Lite ilitoka 2015 kwa ajili ya simu za bei nafuu na intaneti ya polepole. Mwaka 2017 Google ikatangaza Android Go, ya simu zenye RAM ya GB 1 au chini. Mama mboga mwenye simu ndogo ana haki ya kulipwa haraka kama mwenye simu ya elfu themanini.

Lakini kwa programu za pesa, msimamo wetu ni huu: punguza picha, usipunguze kufuli. Wapo wanaosema simu ndogo haiwezi kubeba kila kitu, na ni kweli. Basi ondoa matangazo, ondoa michoro inayocheza. Kuuliza PIN kabla ya kutuma, kusimba data inaposafiri, kuonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha: hizo si mapambo. Mwenye simu ndogo akipoteza elfu mbili, huenda ndiyo stoki yake yote ya kesho.

Kuna toleo lingine ambalo halikukusudiwa mteja kabisa, nalo ni la majaribio. Wahandisi huliunda likiwa na swichi ya ukaguzi imewashwa, ili waweze kuunganisha simu na kompyuta na kuona programu inafanya nini ndani. Hiyo ni sawa ofisini. Kwa simu yenye pesa zako, ni kama kuacha mlango wa nyuma wazi. Kwa hivyo mtu akikutumia faili kwa WhatsApp akikwambia "hii ni toleo spesheli, haina makato", achana nayo. Makato hukatwa kwenye mitambo ya kampuni, si ndani ya simu yako, kwa hivyo hakuna swichi ya simu inayoweza kuyaondoa.

Jambo moja la kukusaidia: kila programu ya Android hutiwa saini ya kidijitali na mwenyewe. Faili geni ikijaribu kuingia juu ya programu halisi kama sasisho, na saini hazilingani, simu inakataa. Ndiyo maana tapeli hukuambia, "Futa kwanza ile ya zamani." Ukisikia maneno hayo kutoka kwa mtu usiyemjua, simama hapo hapo. Wengine huipa faili yao utambulisho tofauti ili ikae kando ya ile halisi, kwa hivyo ukiona alama mbili zinazofanana kwenye simu, uliza.

Hata rafiki mwaminifu asikurushie programu yake kutoka simu hadi simu. Tangu Agosti 2021, programu mpya kwenye Play Store hupakiwa kwa mfumo ambao huipa kila simu vipande vinavyoifaa: kioo chake, prosesa yake, lugha yake. Kipande cha simu yake huenda kisifunguke kwako.

Na sisi kampuni tuna deni. Tukitoa matoleo mawili, tuseme wazi ni kipi kimeondolewa kwenye lile jepesi. Mteja asiachwe abahatishe. Ukiona maelezo ya toleo lako hayasemi, piga simu huduma kwa wateja uulize: "Hii yangu imepunguzwa nini?" Una haki ya kujibiwa.