Mgongo wa Fulani Si Wako

Wasee, tuache kumwambia mtu aliyepasuliwa mgongo, "Mbona fulani alirudi kazi baada ya miezi mitatu?" Daktari anaweza kuwa yule yule, skrubu zile zile, lakini mwili ni mwingine. Ukivuta fegi, nikotini inabana mishipa midogo ya damu, na mifupa iliyounganishwa inachelewa kushikana, ama inakataa kabisa. Sukari ikiwa juu, kidonda kinaingia viini haraka. Umri, uzito, muda ambao neva ilikaa imebanwa, hata stress, vyote vinachangia. Mtu akiwa na hofu anaogopa kusonga, na asiposonga misuli inalegea.

Halafu kuna Kiandutu yenyewe. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, choo kiko nje, na mvua ikinyesha njia yote ni matope. Unamwambia mtu wa boda apumzike, sawa, na kodi italipwa na nani?

Kwa hivyo ukienda kupasuliwa, mwambie daktari ukweli wote: fegi, sukari, kazi, hata mahali unalala. Na wewe jirani, badala ya kumuita mvivu, mbebee huo mtungi.