Mita 500 za bahari gani?

Wiki iliyopita mtoto wa kaka yangu alinipigia simu kutoka Pemba. Yeye ni mvuvi wa dema na mshipi, upande wa magharibi wa kisiwa. "Ami, shikamoo." Baada ya khabari za watoto na za wagonjwa akaingia kwenye jambo lake. "Wewe ulipanda meli hizi za kutafuta mafuta. Eti zikija kwetu, mtu akikaa mita mia tano hana wasiwasi. Kweli?"

Nilimwambia nitampigia. Si kwamba nilikuwa sina la kusema. Nilikuwa nalo, na ndiyo maana nikanyamaza.

Kwa wasiojua, kabla ya kuchimba mafuta au gesi baharini hufanywa utafiti wa mitetemo. Meli huburura mizinga ya hewa, na kila baada ya sekunde kumi au kumi na tano mizinga hiyo hupasuka kwa pamoja, usiku na mchana, wiki kwa wiki. Sauti inateremka, inapenya chini ya sakafu ya bahari, inagonga miamba na kurudi, na nyaya ndefu zinazoburutwa nyuma ya meli zinaisikiliza. Kwa mwangwi huo wataalamu wanachora tabaka za ardhi. Mie nilikuwa karani wa stoo kwenye meli moja ya namna hiyo, katika bahari hii hii ya Oman, miaka mingi iliyopita. Kampuni sitaitaja. Nikilala, mshindo ule nilikuwa nausikia kwenye chuma cha kitanda.

Stooni kwangu kulikuwa na makasha mawili ya vinasa sauti vya kuteremshwa chini ya bahari. Vililetwa vipime mshindo unafika wapi na unafika na nguvu gani. Makasha yalipakiwa Muscat na yakateremshwa Muscat, lakiri zake hazijakatwa. Lakini kwenye ripoti umbali wa usalama uliandikwa vilevile, kwa sababu ulikuwa umeshakokotolewa kwenye kompyuta kabla hatujang'oa nanga. Mimi ndiye niliyesaini kuwa vifaa vimerudi salama. Sikuuliza kitu. Nilikuwa na watoto watatu skuli.

Sasa hizo mita 500. Namba hii inajulikana sana kutokana na mwongozo wa Uingereza, na maana yake ni nyengine kabisa. Ni eneo ambalo mwangalizi anakaa juu ya meli kulitazama kabla ya mizinga kuanza, aone kama kuna nyangumi au pomboo karibu. Hakuna aliyesema kwamba sauti ikifika mita 501 inakufa. Mwaka 1960 walilipua baruti baharini karibu na Perth, Australia, na vyombo vya kusikilizia vya Bermuda, upande wa pili wa dunia, viliupokea mlio baada ya saa tatu na kitu. Na milio ya mizinga ya hewa yenyewe imewahi kunaswa katikati ya Atlantiki kutoka zaidi ya kilomita 3,000. Bahari si hewa, jamani. Majini sauti inakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde, na sauti nzito nzito kama hizi maji hayazili upesi.

Inafifia, ndiyo. Ila inafifia kwa hali ya mahali. Kwenye kina kirefu sauti ina nafasi ya kutawanyika kila upande, juu, chini na kando, kwa hiyo umbali ukizidi mara kumi inapungua kama desibeli 20. Kwenye maji haba inabanwa baina ya uso wa bahari na sakafu, inatawanyika kando tu, na umbali ule ule unaweza kuipunguzia desibeli 10 peke yake. Tofauti ya desibeli 10 maana yake nishati mara kumi. Halafu kuna sakafu yenyewe: tope laini linakunywa sauti, mwamba mgumu unairudisha. (Na mtu akikwambia desibeli za majini ni sawa na za ndege inayoruka, muulize kwanza kama ameondoa 62. Mizani ya majini na ya hewani si moja.)

Haya si maneno ya vitabuni tu. Mwaka 2003 Wamarekani waliichukua meli yao ya utafiti, Maurice Ewing, hadi Ghuba ya Mexico wakaipima. Walipima kwenye kina cha mita 3,200 hivi, kisha kwenye kina cha mita 30 hivi. Kule kwenye kina kirefu sauti ilikuwa ndogo kuliko ilivyokadiriwa. Kule kwenye maji haba ilikuwa kubwa kuliko ilivyokadiriwa. Meli ile ile, mizinga ile ile.

Hebu tieni akilini bahari ya kwetu. Baina ya Unguja na Bara maji ni haba, makumi ya mita tu. Baina ya Pemba na Bara kuna mkondo wa kina cha mamia ya mita, na ukisogea Pemba ukuta unapanda ghafla mpaka kwenye matumbawe ambako vijana wetu wanatia dema. Mtu anaondoka kwenye hali moja na kuingia nyengine kwa mwendo mdogo wa mashua. Namba moja itatosha vipi huko?

Na swali hili si la mbali. Mwaka 2018 Zanzibar ilitia saini mkataba wa kitalu cha Pemba na Zanzibar na RAK Gas ya Ras Al Khaimah, hapa hapa Ghuba, na mwaka 2024 ikafungua mnada wa kwanza wa vitalu vya baharini. Meli niliyofanyia kazi mimi haihusiani na mambo hayo hata kidogo. Wala sipingi gesi. Visiwa vinataka kazi na umeme, na sisi tunaokula mshahara wa nchi za mafuta hatuna uso wa kuwaambia wenzetu wasitafute.

Ninachokitaka ni kupima, na kupima kwa haki. Vinasa sauti vikae chini kwenye kina wanapokaa samaki, meli ipite kwa umbali unaojulikana, kila mshindo uandikwe. Kuna ujanja mmoja niliusikia melini: kining'inize chombo mita mbili chini ya mashua, kitakupa namba nzuri tu, kwa sababu karibu na uso wa maji mwangwi wa juu unaifuta sehemu ya sauti. Samaki wa kwenye dema haishi mita mbili. Tena ipimwe ubavuni mwa meli, si mbele peke yake, maana mizinga haitoi sauti sawa kila upande. Na ipimwe kusi na ipimwe kaskazini, maana joto la maji likibadilika njia ya sauti inapinda.

Faida yake ipo. Norway, kwenye Bahari ya Barents, walivua kabla, wakati na baada ya mizinga kupigwa. Samaki wa nyavuni walipungua kama nusu, na upungufu ulionekana hadi maili 18 za baharini, kiasi cha kilomita 33. Siku tano baada ya mizinga kunyamaza, walikuwa bado hawajarudi kama mwanzo. Hapa Oman tuna nyangumi wenye nundu ambao hawahami kama wenzao wa bahari nyengine. Wanakisiwa hawafiki mia moja katika maji yetu, na wanaitana kwa sauti nzito hizo hizo. Mmoja wao, jike aliyepewa jina la Luban, yaani ubani, alifuatiliwa kwa setilaiti kutoka Ghuba ya Masirah mpaka India. Bahari ni moja.

Kati ya wasomaji wetu wamo wanaofanya kazi kwenye kampuni hizi, wamo wenye hisa, wamo waliooa au kuolewa kwenye nyumba za wakubwa. Wanaweza kuuliza swali ambalo mimi sikuuliza: makasha yamefunguliwa? Na namba zikipatikana, kamati za wavuvi zipewe, kwa Kiswahili, kabla ya meli kuanza mistari yake na si mwaka mmoja baadaye.

Jana nilimpigia kijana wangu. Nilimwambia mita 500 ni za kutazamia nyangumi, si za dema. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Basi ngapi, ami?" Nikamwambia mtu wa Muscat hawezi kuitoa namba hiyo kichwani, wala kompyuta peke yake haiwezi. Anipe kina cha kila mahali anapotia dema, nikiandike, ili siku watakapokuja wapimaji kiwe mkononi. Ameshaleta kwa sauti ya WhatsApp: pima nane, pima kumi na mbili, na moja pima thelathini, huko ukingoni ambako anasema nanga haishiki.