Redio ndogo za Alimbongo zianzie chini, si juu ya paa

Alimbongo iko mlimani, zaidi ya mita 2,000 juu, kwenye barabara ya taifa namba 2 kati ya Lubero na Kirumba. Mawimbi ya FM husafiri kwa kunyooka: kilima kikiyakinga, kijiji cha nyuma hakipati kitu. Mawimbi ya AM hufuata sura ya ardhi. Kisanduku kidogo cha AM chenye sola na betri kingefaa kituo cha afya kinachotangaza siku ya chanjo, au soko linalotaka watu wajue kwamba barabara imefungwa. Tangu M23 ilipoiteka Alimbongo Desemba 2024, habari za namna hiyo si anasa.

Lakini kwa kanuni gani? Kinshasa, ambako ARPTC inasimamia masafa na CSAC inafuatilia vipindi, ingetazama ile ya Marekani. Kule mtu anarusha AM bila leseni, kati ya kilohezi 510 na 1705, mradi umeme unaoingia kwenye hatua ya mwisho ya mtambo usizidi wati 0.1, na antena, waya wa kuilisha na waya wa ardhini, vyote kwa pamoja, visizidi mita 3.

Waya wa ardhini ndio mlango wa wajanja. Antena ya robo ya wimbi kwa kilohezi 1000 ni mita 75. Ya mita 3 ni kijiti tu. Basi mtu hupandisha mtambo juu ya paa, huufunga kwenye nguzo ndefu ya chuma, kisha hudai nguzo hiyo ni "ardhi". Kumbe nguzo nzima inarusha. Wakaguzi wa FCC wamewahi kutoa maonyo kwa sababu hiyo.

Alimbongo, ujanja huo unaweza kuua. Mashariki mwa Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa radi zaidi duniani: utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka Kabare, Kivu Kusini, ya kwanza Afrika, kwa miali 205 hivi kwa kila kilomita mraba kwa mwaka. Nguzo ya chuma kileleni inaiita radi nyumbani.

Kwa hiyo zile mita 3, zinazoonekana kama ubahili, zina faida yake hapa. Fundi aliyezoea FM hukimbilia juu. AM haihitaji hivyo; inahitaji udongo wenye unyevu, na Lubero haukosi. Kisanduku kikae chini, fimbo ya shaba ichimbiwe kando yake, waya wa ardhini uwe wa sentimita chache, urefu uliobaki upewe antena. Dhoruba ikikaribia, kabla mngurumo haujaanza, mtambo uzimwe na antena iondolewe.

Kongo ikiandika kanuni yake, iseme wazi: hakuna mtambo wa AM usio na leseni juu ya paa wala nguzo. Wenye hofu ya redio za uchochezi wajue kwamba wati 0.1 kwa antena hiyo ni sauti ya kijiji, mara nyingi haimalizi hata kilomita mbili.